Maisha ya George Orwell, na Damu Aliyoificha

Ndugu wasomaji, wengi wenu mliopita katika shule zetu mlikutana na kitabu kidogo kiitwacho Shamba la Wanyama, kilichotafsiriwa kwa Kiswahili na Fortunatus Kawegere na kuchapishwa Nairobi mwaka 1967. Sisi tuliokuwa walimu tulikisoma pamoja na wanafunzi wetu kwa miaka mingi, nao walicheka sana kwa ajili ya nguruwe wale waliojifanya mabwana. Lakini katika miaka yote hiyo hatukuwaeleza watoto habari za mtu aliyekiandika: ya kuwa alikuwa mgonjwa wa kifua, na ya kuwa damu ya pafu lake mwenyewe ndiyo iliyomwua. Mwezi huu twapenda kuyasimulia maisha yake. Hatufanyi hivyo ili kuvisifu vitabu vyake, maana vimekwisha kusifiwa vya kutosha. Twafanya hivyo kwa ajili ya jambo moja ambalo mpaka leo linatuondolea watu, nalo ni kuificha damu inayotoka kifuani.

Utoto na ujana

Jina lake hasa lilikuwa Eric Arthur Blair. Alizaliwa tarehe 25 Juni 1903 huko Motihari, Bara Hindi, ambako baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya Kiingereza katika idara ya afyuni. Mwaka 1904 mama yake alimpeleka Uingereza, naye akakulia huko. Tangu uchanga kifua chake kilikuwa dhaifu, na kila baridi ilipokuja alikohoa. Alikuwa na akili nzuri darasani, hata akapata nafasi ya kusoma Eton, shule ya watoto wa wakubwa, kwa msaada wa fedha za shule. Alipomaliza hakwenda Chuo Kikuu kama wenzake. Mwaka 1922 alikwenda Burma kuwa ofisa wa polisi, akatumika miaka 5.

Huko aliona kwa macho yake jinsi mtu mmoja anavyoweza kumtawala mwingine kwa fimbo na gereza, naye moyo wake ukachukizwa. Mwaka 1927 alirudi kwao kwa likizo, akajiuzulu kazi. Akaamua kuishi na maskini ili awajue. Katika mji wa Paris aliosha vyombo hotelini, na London alilala katika nyumba za watu wasio na makao. Mwaka 1929 aliugua kifua huko Paris, akalazwa katika hospitali ya maskini, akaona wagonjwa wakifa bila mtu wa kuwashika mkono. Vyumba vya namna hiyo, vyenye watu wengi na madirisha yaliyofungwa, ndivyo kifua kikuu kinavyovipenda, maana ugonjwa huu husafiri katika hewa kutoka kifua cha mmoja mpaka kifua cha mwingine.

Mwalimu mwenzetu

Inatupendeza kukumbuka kwamba mtu huyu alikuwa pia mwalimu. Mwaka 1932 alianza kufundisha katika shule ndogo ya wavulana huko Hayes, magharibi ya London. Aliwatungia watoto mchezo wa kuigiza wakati wa Krismasi, na saa za jioni aliandika. Kitabu chake cha kwanza kilitoka Januari 1933, na kwa kuwa hakutaka kuwaaibisha wazazi wake kwa habari za umaskini alioupitia, alijichagulia jina jipya, George Orwell. Orwell ni mto wa Uingereza, upande wa mashariki.

Mwezi wa Desemba mwaka huohuo, akiwa amehamia shule nyingine, alinyeshewa na mvua ya baridi akiwa juu ya pikipiki. Akapata nimonia, akawa karibu ya kufa. Alipopona aliacha ualimu, wala hakurudi tena darasani. Hiyo ilikuwa mara ya pili mapafu yake kumlaza hospitali, naye alikuwa na umri wa miaka 30 tu.

Mwaka 1936 alimwoa Eileen O'Shaughnessy katika kanisa la kijiji cha Wallington, wakaishi hapo katika nyumba ndogo, wakifuga mbuzi na kuku na kuendesha duka. Mwisho wa mwaka huo alikwenda Hispania kupigana upande wa serikali ya jamhuri. Alikaa katika mahandaki ya baridi, na tarehe 20 Mei 1937 risasi ilimpiga shingoni ikatokea upande wa pili. Ilikosa kidogo tu mshipa mkubwa wa damu. Alipona, ila sauti yake haikurudi kuwa kama zamani.

Damu inakuja

Mwezi wa Machi 1938, akiwa nyumbani Wallington, alikohoa damu nyingi. Gari la wagonjwa lilimpeleka Preston Hall, hospitali ya wagonjwa wa kifua katika wilaya ya Kent, ambako shemeji yake, kaka wa Eileen, alikuwa daktari mpasuaji. Picha za kifua zilipigwa, makohozi yakapimwa. Kifua kikuu kilishukiwa, lakini mwishoni madaktari walisema kwamba ni njia za hewa katika pafu la kushoto zilizotanuka na kuharibika. Alikaa hapo mpaka mwanzo wa Septemba.

Ndipo msomaji mmoja wa vitabu vyake alipotoa pauni 300 bila kujitaja, ili mgonjwa apelekwe nchi yenye jua. Orwell na mkewe wakaishi Marrakech, Moroko, mpaka mwaka 1939. Fedha hizo aliziona kuwa deni, naye alipopata uwezo alizilipa. Kwa jina lile la njia za hewa aliishi miaka 9 zaidi, akijihesabu kuwa mtu mwenye kifua kibovu tu. Akaendelea kuvuta tumbaku kali, aliyoisokota mwenyewe kila siku.

Vita kuu ilipoanza, jeshi lilimkataa kwa ajili ya kifua chake. Akajiunga na askari wa kulinda nyumbani, kisha kuanzia mwaka 1941 akafanya kazi katika BBC miaka 2. Kitabu cha Shamba la Wanyama alikiandika katika miezi michache, mwisho wa 1943 na mwanzo wa 1944. Wachapaji kadhaa walikikataa, mpaka kikatoka Agosti 1945 na kumpa sifa ulimwenguni. Lakini sifa ilimkuta na majonzi. Mwaka 1944 yeye na Eileen walikuwa wamemlea mtoto mchanga, Richard, kuwa mwana wao. Tarehe 29 Machi 1945 Eileen alifariki juu ya meza ya upasuaji, wakati mume wake yuko Ulaya akipeleka habari za vita. Watu walimshauri amrudishe mtoto. Alikataa katakata.

Mapema mwaka 1946, katika nyumba yake ya London, damu ilimjia tena. Mama aliyemtunzia nyumba na mtoto alimkuta amesimama ukumbini, damu ikimtiririka kinywani. Alichoomba ni maji baridi na barafu ya kuweka kwenye paji la uso. Alilala kitandani majuma mawili, wala hakutaka ukweli wa jambo lile ujulikane, hata kwa daktari. Alikuwa na kitabu kichwani cha kuandika, na mtoto wa kulea. Alijua kwamba akisema neno moja atafungiwa hospitali. Basi alinyamaza.

Ndugu wasomaji, tusimhukumu haraka. Wakati ule hapakuwa na dawa ya kifua kikuu katika hospitali za Uingereza. Mgonjwa alipewa kitanda, hewa safi, chakula, na subira. Aliyenyamaza alijinyima kitanda, lakini dawa hakuwa nayo hata kama angesema.

Kisiwa cha Jura

Mei 1946 alihamia Barnhill, nyumba iliyo peke yake kwenye ncha ya kisiwa cha Jura, Uskochi. Hapakuwa na umeme wala simu, na maili za mwisho za njia zilikuwa mbovu hata gari lilishindwa. Dada yake Avril alikuja kumtunza. Alilima, akavua samaki, akacheza na Richard, na usiku aliandika. Agosti 1947 mashua yao ilinaswa katika mkondo mkali wa bahari uitwao Corryvreckan, injini ikang'oka, wakaponea juu ya mwamba wakiwa wamelowa, naye mtoto wa miaka 3 akiwa mikononi mwake, mpaka wavuvi wakawachukua.

Alipomaliza kuandika kitabu kwa mara ya kwanza, mwishoni mwa mwaka huo, alikuwa amekonda sana na hawezi kusimama. Daktari wa kifua alikuja akampima, na safari hii jina likatajwa: kifua kikuu, na shimo katika pafu la kushoto. Kabla ya Krismasi 1947 alilazwa katika hospitali ya Hairmyres, karibu na Glasgow. Madaktari waliuponda mshipa wa fahamu unaoendesha kiwambo cha kifua, wakapuliza hewa tumboni, ili pafu lipumzike na shimo lijifunge. Hizo ndizo zilizokuwa mbinu za siku zile.

Dawa iliyosaidia wengine

Hapa ndipo penye jambo tunaloliona kuu katika maisha haya. Mwaka 1943, huko Marekani, dawa ya streptomaisini ilikuwa imepatikana kutoka kwa kijidudu cha udongoni. Ilikuwa dawa ya kwanza kuua vijidudu vya kifua kikuu katika mwili wa mtu. Uingereza ilikuwa nayo kidogo sana, kwa majaribio tu. Rafiki yake David Astor aliomba ruhusa serikalini, waziri wa afya Aneurin Bevan akakubali, na dawa ikaagizwa kutoka Marekani kwa fedha ambazo Shamba la Wanyama lilikuwa limezipata huko. Februari 1948 alianza kuchomwa sindano, gramu 1 kwa siku.

Mwili wake uliikataa. Ngozi iligeuka nyekundu ikabambuka, vidonda vikatoka kooni na mdomoni, hata asubuhi midomo yake ilikuwa imeshikana kwa damu iliyokauka. Nywele zikapukutika, kucha zikaharibika. Baada ya siku 50 hivi sindano zikasimamishwa. Dawa iliyobaki hakuiuza wala kuiweka akiba. Ilibaki hospitalini, wakapewa wagonjwa wawili, wake wa madaktari, nao wote wawili wakapona.

Twaomba msomaji atulie hapa kidogo. Yeye mwenye mali hakupona, na wasiokuwa na kitu katika jambo hilo wakapona. Siku hizi mwili wa mgonjwa ukiikataa dawa moja, daktari hubadilisha na kumpa nyingine, maana dawa ni nyingi. Mwaka 1948 ilikuwa moja tu, na hata ambao miili yao iliipokea, vijidudu vilizoea dawa hiyo ilipotumiwa peke yake. Hiyo ndiyo sababu mgonjwa wa leo anapewa dawa 4 kwa pamoja katika miezi 2 ya kwanza, kisha 2 katika miezi 4 inayofuata. Na tukumbuke kwa heshima kwamba matibabu hayo ya miezi 6 yalijaribiwa hapahapa Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1970, wagonjwa wetu wakiwa miongoni mwa wa kwanza duniani kuonyesha kwamba yanaponya.

Lakini zile sindano zilimfaa kwa muda. Makohozi yake yalipopimwa hayakuonyesha vijidudu tena, na Julai 1948 aliruhusiwa kwenda nyumbani. Laiti angelipumzika! Alirudi Jura. Mpiga chapa hakupatikana wa kufika huko mbali, kwa hiyo alipiga chapa kitabu kizima mwenyewe, mara nyingine akiwa kitandani, sigara mdomoni, katika chumba kilichojaa moshi. Alimaliza mwanzo wa Desemba. Januari 1949 alilazwa tena, huko Cranham, na kitabu chake cha mwisho, kiitwacho kwa jina la mwaka 1984, kilitoka tarehe 8 Juni 1949 yeye akiwa mgonjwa kitandani.

Jambo lililomwumiza kuliko kikohozi lilikuwa mwanawe. Aliogopa kumwambukiza, kwa hiyo hakumruhusu kumkaribia wala kumkumbatia. Naye mtoto, asipoona kidonda chochote, alimwuliza baba yake anaumwa wapi. Yeyote aliyepata kulala kitanda cha mbali ili watoto wasiambukizwe, anayajua machungu hayo.

Usiku wa mwisho

Septemba 1949 alihamishiwa Hospitali ya Chuo Kikuu, London. Tarehe 13 Oktoba alimwoa Sonia Brownell, yeye akiwa kitandani. Matumaini yalirudi. Ilipangwa kwamba siku chache kabla ya mwisho wa Januari asafiri kwa ndege kwenda Uswisi, penye hewa ya milimani, na fimbo yake ya kuvulia samaki ilikwisha kuletwa chumbani. Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 21 Januari 1950, mshipa wa damu ulipasuka ndani ya pafu. Alikuwa peke yake. Alikufa mara moja, akiwa na umri wa miaka 46.

Je, ilikuwaje? Kifua kikuu hula nyama ya pafu na kuacha shimo. Katika ukuta wa shimo hilo hupita mishipa ya damu. Mshipa mmojawapo huweza kuliwa upande mmoja, ukawa mwembamba, ukavimba kama mpira wa baiskeli penye ufa, mpaka siku moja hupasuka. Daktari wa Denmark aitwaye Rasmussen aliueleza uvimbe huo mwaka 1868. Mara nyingi mgonjwa haui kwa kupungukiwa damu. Humwua kwa sababu damu huzijaza njia za hewa, akakosa pumzi.

Orwell hakuwa mtu wa kushika ibada, lakini aliandika katika wosia kwamba azikwe kwa taratibu za Kanisa la Uingereza, asichomwe moto. Astor akamtafutia mahali katika makaburi ya Kanisa la Watakatifu Wote, kijiji cha Sutton Courtenay. Jiwe lake halitaji vitabu. Limeandikwa jina alilopewa na wazazi, Eric Arthur Blair, na siku za kuzaliwa na kufa.

Neno letu

Sasa twasema neno letu, na si rahisi kwetu kulisema. Katika shule moja tuliyofundisha alikuwapo mwalimu mwenzetu aliyekuwa ameugua kifua kikuu, akameza dawa zake zote, akaambiwa amepona. Miaka kadhaa ikapita. Kisha tukaanza kumwona akigeukia ukutani anapokohoa, na leso yake akiikunja upesi. Tuliona doa jekundu. Alisema ni vumbi la chaki, nasi tukakubali kwamba ni vumbi la chaki, maana tulijua anaogopa watu wasiseme tena habari za ugonjwa ule. Tuliita hiyo heshima. Usiku mmoja damu ilimjaa, na gari lilipopatikana alikuwa amekwisha kufa. Alikuwa na mke na watoto 4.

Tangu hapo tumejifunza ambayo ilitupasa kuyajua. Mtu aliyepona kifua kikuu aweza kubaki na makovu, na shimo, na njia za hewa zilizotanuka. Hata ukungu waweza kuota ndani ya shimo la zamani ukafanya donge. Kila kimoja cha hivyo chaweza kutoa damu baada ya miaka mingi, ingawa vijidudu vya kifua kikuu vimekwisha. Kwa hiyo damu si lazima iwe ushahidi kwamba mtu hakumeza dawa zake vizuri, wala kwamba ataambukiza wengine. Lakini yaweza pia kuwa ugonjwa umerudi, na hakuna anayeweza kujua kwa kutazama leso. Ni lazima apimwe.

Basi, akikohoa damu hata kidogo, aende hospitali, na awaeleze kwamba aliwahi kuugua kifua kikuu. Ikiwa damu ni nyingi, asingoje asubuhi. Kama pafu linalotoa damu linajulikana, alazwe kwa upande huohuo, ili damu isiingie katika pafu lililo zima, na apelekwe mara moja. Katika vituo vya serikali dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo. Aliyenunua dawa kutoka ng'ambo ya bahari kwa fedha za kitabu chake hakuwa na dawa 4 ambazo mkulima wa kijiji chetu anapewa bure leo.

Na wewe uliyeiona leso ya mwenzako, usinyamaze kama tulivyonyamaza sisi. Mchukue mkono, mwende pamoja. Yule mama wa London aliambiwa alete barafu, akaleta barafu. Nasi tuliambiwa ni chaki. Mungu atujalie ujasiri wa kusema tuliyoyaona, kungali mapema.